Joey Dunlop na Mkanda wa Tangi

Toka Daraja la Nyali, pita Bombolulu, Mtwapa, Vipingo, hadi uvuke daraja la Kilifi: kilomita hamsini na kitu. Matatu isiyosimama-simama huchukua saa nzima na zaidi. Sasa ongeza kilomita chache zifike 60.7, toa malori yote, tia kona zaidi ya 200, kuta za mawe zinazogusana na lami, na mlima unaofika mita 422 juu ya bahari. Huo ndio mzunguko wa mbio za pikipiki wa Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Ayalandi na Uingereza, na Joey Dunlop aliumaliza kwa dakika 18 na sekunde 16 hivi mwezi Juni 2000. Alikuwa na miaka 48, mvuta sigara, mwenye baa mjini kwao. Na mbio hizo hakushinda. Alikuwa wa tatu.

Alizaliwa 25 Februari 1952, karibu na Ballymoney, Ayalandi ya Kaskazini. Alishinda mbio za TT (Tourist Trophy) za Isle of Man mara 26, ya kwanza 1977 na ya mwisho 2000. Akatwaa ubingwa wa dunia wa TT Formula One, ambao ni wa pikipiki na si magari, miaka mitano mfululizo, 1982 hadi 1986. Wengi wakimweleza husifu moyo wake, na kweli, kwenye barabara ambayo imeua zaidi ya watu 250 tangu mbio zihamie huko mwaka 1911, moyo unahitajika. Lakini wenye moyo walikuwa wengi, na baadhi yao wamezikwa. Aliyekuwa adimu ni mwendeshaji anayefungua injini yake mwenyewe usiku, akaifunga, na asubuhi akaipanda akijua kila nati imekazwa na mkono gani. Huyo ndiye Joey ninayetaka kumweleza hapa, kwa sababu huyo ndiye fundi wa Majengo au Kongowea atamwelewa bila kutafsiriwa.

Kwenye TT ya 1980 hakuwa na kampuni nyuma yake, alikuwa na mfadhili wa kwao na Yamaha TZ750, injini ya mipigo miwili yenye silinda nne. Mbio zilikuwa za mizunguko sita, kama kilomita 364. Honda walikuja na timu kamili, mwendeshaji wao akiwa Mick Grant, na mpira wa kujazia mafuta kwa kasi. Joey na watu wake wakapiga hesabu: pikipiki ile inakunywa, na kwa tangi la kawaida itabidi kusimama mara mbili. Wakaweka tangi la galoni 8, yaani lita 36, ili wasimame mara moja tu. Ukigawa, ni mizunguko mitatu kwa tangi moja, kilomita 182 kwa lita 36: kama kilomita 5 kwa lita. Boxer ya abiria hapa Mombasa inakwenda 40 na zaidi kwa lita hiyohiyo.

Petroli lita 36 ina uzito wa kilo 27 hivi. Fikiria dumu la maji la lita 20, juu yake umeongeza jingine la lita 7, umelipakata mbele yako, na limefungwa kwa mkanda mmoja. Kwenye mzunguko wa kwanza mkanda ule ukakatika.

Ni vizuri kuelewa kwa nini mkanda wa tangi ni jambo kubwa. Tangi halifungwi moja kwa moja kwenye fremu. Hukalia raba, na mkanda au boliti hulishikilia lisiruke. Ukikaza chuma kwa chuma bila raba, mtetemo wa injini hupasua tangi kwenye mshono wa kuchomelea. Ukiliacha limelegea, linasugua, na kila shimo ni nyundo kwa kile kinacholishika. Pikipiki zetu zina ugonjwa huohuo: boliti ya nyuma ya tangi, chini ya kiti, ina raba na bushi yake. Fundi mwenye haraka akifungua tangi, raba inapotea, boliti inarudishwa kavu. Baada ya miezi abiria anasema ananusa petroli. Ufa uko chini ya tangi, tone linaangukia injini ya moto, na kila mtu analaumu kabureta. Raba yenyewe bei yake ni ya kikombe cha chai.

Joey hakusimama. Tangi alilibana kwa magoti na mikono. Ukikaza breki, kilo 27 zinataka kwenda mbele. Ukivuta mafuta, zinakurudia tumboni. Ukilala kwenye kona, zinakuvuta upande ambao hujachagua. Na kadiri mafuta yanavyopungua ndivyo yaliyobaki yanavyopata nafasi ya kuchezacheza ndani. Alipoingia kujaza, kituo chake kilikuwa cha polepole kuliko cha Honda. Hata hivyo alimpita Grant, akaweka rekodi ya mzunguko ya maili 115.22 kwa saa, kilomita 185 na ushei, na akashinda. Mwaka uliofuata Honda hawakutaka tena kushindana naye, wakamwajiri.

Sasa tuje kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli inayoingia kwenye injini, maana hapa ndipo nadhani watu hawampi haki yake.

Injini ya mipigo miwili haina oili kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, ya kuilainisha. Oili imo ndani ya petroli. Wavuvi wa Mji wa Kale na Likoni wanaijua hesabu hii kwa mashine zao za boti: mara nyingi 1 kwa 50, yaani mililita 400 za oili kwa dumu la lita 20. Pikipiki ya mbio hunyweshwa nzito zaidi, karibu 1 kwa 30, ambayo kwa dumu hilohilo ni kama mililita 670. Kwa hiyo petroli inayopita kwenye jeti inafanya kazi tatu kwa pamoja: inaungua, inapoza pistoni, na inabeba oili. Jeti ikiwa ndogo namba moja tu kuliko inavyotakiwa, injini inakuwa na kasi tamu sana kwa dakika chache. Kisha pistoni inapanuka kuliko silinda, inashika, na gurudumu la nyuma linafunga.

Sasa tazama ramani ya Isle of Man. Ukitoka Ballaugh unaingia Sulby, barabara iliyonyooka karibu na usawa wa bahari, mafuta yamevutwa hadi mwisho kwa muda mrefu. Hewa hapo ni nzito. Ukipita Ramsey unaanza kupanda mlima hadi mita 422, na huko hewa imepungua uzito kwa asilimia 4 hivi. Jeti ni ileile moja. Ukiipanga ikae sawa mlimani, ambako injini itaimba, Sulby itakuwa ndogo na pistoni itashika ukiwa kwenye mwendo mkubwa kuliko wote. Basi unaipanga kwa ajili ya Sulby, ukubali ikohoe kidogo mlimani. Mlimani unapoteza sekunde. Ukikosea upande wa pili unapoteza zaidi ya sekunde. Na asubuhi yenye ukungu si sawa na alasiri yenye jua, kwa hiyo hesabu inarudiwa kila siku.

Joto nalo. Juni kule ni nyuzi 13 hivi. Mombasa ni 30 na jasho juu yake. Hewa yetu ni nyepesi kuliko yao kwa asilimia 6 au 7 kwa sababu ya joto na unyevu tu, hata kama wote tuko usawa wa bahari. Pikipiki iliyopangwa kwao ingetoa moshi hapa. Na kuna mfano wa karibu zaidi: Nairobi iko mita 1,700 hivi, hewa imepungua kama asilimia 15. Mtu ananunua pikipiki iliyotumika huko, ambayo fundi alishaiwekea jeti ndogo ili isizame, anaishusha Mombasa. Inakuwa na joto, inapigapiga kwenye egzosi ukiachia mafuta, na plagi inatoka nyeupe. Anaambiwa petroli ya Mombasa ni chafu. Petroli haina kosa. Rudisha jeti ya kiwandani.

Plagi husomwa hivi. Injini ikiwa imepata moto, vuta mafuta hadi mwisho kwenye barabara tupu kwa sekunde kadhaa, kisha kwa mpigo mmoja kamata klachi na uzime. Usiiache ikahema, kwa sababu ikihema itaandika habari za kuhema na si za mbio. Fungua plagi. Rangi ya korosho iliyokaangwa ni nzuri. Nyeupe kama chokaa ni hatari. Nyeusi yenye majimaji ni mafuta mengi. Zama hizi petroli haina risasi, na kauri ya plagi inaweza kutoka karibu safi hata kama kila kitu kiko sawa, kwa hiyo mtazamaji mzuri hatazami ncha. Anatazama chini kabisa, pale kauri inapoingia kwenye chuma, atafute duara jembamba la kahawia. Taa ndogo na kioo cha kukuzia si ufahari.

Hata jeti ikiwa sawa, kuna mtego mwingine. Baada ya mlima kuna mteremko mrefu kuelekea Creg-ny-Baa. Mwendeshaji akifunga mafuta ghafla ilhali injini bado inazunguka kwa kasi, petroli inakatika, na oili inakatika nayo. Injini inazungushwa na gurudumu ikiwa kavu. Hapo ndipo nyingi hushika, na huwa inashangaza, maana mtu anadhani anaipumzisha. Waendeshaji wa zamani walijua kufungua mafuta kidogo hata wakiwa wanapunguza mwendo, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuondoka kwenye klachi. Ukisikia sauti imebadilika, kama mtu anayekaba pumzi, klachi inakamatwa kabla kichwa hakijamaliza kufikiri. Aliyefunga ringi za pistoni kwa vidole vyake anajua sauti yake ilivyo ikiwa nzima.

Ballaugh ni daraja dogo la mgongo katikati ya kijiji, na pikipiki hupaa. Tuta la Kisauni kwa mwendo wa mbio, tuseme. Gurudumu la nyuma likiwa hewani na mafuta yamevutwa, injini inapanda mizunguko kwa sababu haina mzigo. Likigusa chini linarudishwa kwenye mwendo wa barabara kwa papo moja, na tofauti hiyo yote inalipwa na cheni, meno ya gia na klachi. Kwa hiyo mafuta huachiwa kidogo likiwa juu, na hutua gurudumu la nyuma kwanza. Wapo waliopaa vizuri mno kwa ajili ya mpiga picha na kumaliza safari kilomita chache mbele, cheni ikiwa imebaki barabarani. Mwenye boda anayeruka tuta huku amevuta mafuta na abiria wawili nyuma anafanya kosa hilohilo, ila lake linalipwa polepole.

Cheni yenyewe iwe na ulegevu wa milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini, na ipimwe mahali inapobana kuliko pote: zungusha gurudumu, utaona inalegea na kubana, maana haichakai sawasawa. Watu wengi huikaza wanapoisikia inapiga kelele. Pikipiki ikibebeshwa mzigo, mkono wa nyuma unapanda na cheni inavutika zaidi. Iliyokuwa imekaza tupu sasa ni kamba ya gitaa. Inakula beringi ya shafti inayoshika sproketi ya mbele, sili inalegea, oili inaanza kuvuja hapo, na mwenye pikipiki anabadilisha sili mara tatu kabla mtu hajamwambia alegeze cheni. Hapa Pwani ongeza chumvi ya hewa: cheni iliyooshwa ikaachwa bila oili usiku mmoja huamka na kutu.

Miaka ya Honda ni ile inayojulikana zaidi, nami nitaipita haraka. Mashine nzuri, makanika wa kulipwa, mataji matano. Baada ya 1976 TT ilipoteza hadhi ya kuwa sehemu ya ubingwa wa dunia wa Grand Prix. Mwitalia Giacomo Agostini, bingwa wa dunia mara 15, alikuwa ameshaisusia baada ya mwenzake Gilberto Parlotti kufa hapo 1972. Ubingwa wa TT Formula One ulizaliwa 1977 kujaza pengo hilo. Kuna wanaosema kwa hiyo ubingwa wa Joey ni wa daraja la pili kando ya 15 za Agostini. Naona ni kulinganisha nahodha wa jahazi na mwogeleaji kwa sababu wote wamelowa.

Kisa kimoja cha miaka hiyo watu wa Mombasa watakipenda. Mwaka 1985 Joey na wenzake walivuka kwenda Isle of Man kwa boti ya uvuvi, na boti ikazama karibu na pwani ya kwao. Waliokolewa wote. Baadhi ya pikipiki zilikwenda chini. Pikipiki zake za Honda zilisafirishwa kwa njia nyingine, na wiki hiyo alishinda mbio tatu.

Injini iliyokunywa maji ya bahari, kwa faida ya wanaovuka kivuko cha Likoni na wale waliokutwa na mafuriko: usijaribu kuiwasha. Maji hayashindiliki, na pistoni ikiyakuta hupinda rodi inayoisukuma. Toa plagi, mwaga oili iliyochafuka, osha kwa maji mengi yasiyo na chumvi nje na ndani ya kabureta, zungusha injini kwa mkono ili maji yatoke kwenye tundu la plagi. Kisha mafuta ya taa kidogo, kisha oili mpya ya bei nafuu, iendeshe kidogo tu, imwage, rudia hadi isitoke tena na rangi ya chai ya maziwa. Kinachoua ni saa na si maji yenyewe. Chumvi ikikaukia kwenye beringi usiku kucha, asubuhi umechelewa.

Mwaka 1989, kwenye mbio za Brands Hatch, Uingereza, wakati wa Pasaka, aligongwa akavunjika vibaya, paja na mkono. TT ya mwaka huo ilimpita. Alikuwa na ushindi 13. Rekodi ya Mike Hailwood ilikuwa 14. Mwili haukuwa tena wa kupigana na pikipiki kubwa, basi akarudi kwenye zile ndogo za cc 125 na 250, za mipigo miwili, zile zinazofunguliwa na kufungwa juu ya meza moja usiku mmoja. Mwaka 1992 alimfikia Hailwood kwa 125. Mwaka 1993 akampita, kwa 125 tena. Ukitazama orodha ya ushindi wake 26, sehemu kubwa ya nusu ya pili ni ya pikipiki hizo ndogo, ambapo jeti, ringi na plagi vina sauti kuliko misuli. Katikati ya msimu na msimu alipakia gari lake chakula na nguo, akaendesha peke yake hadi kwenye nyumba za mayatima Romania, Albania na Bosnia.

Mwaka 1998 alikuja na mfupa wa bega uliovunjika na kidole kilichopunguzwa. Mvua ilikuwa kubwa, mbio za 250 zikakatwa kuwa mizunguko miwili. Kule hawaanzi pamoja; wanaachiwa kwa kupishana sekunde 10, kwa hiyo unashindana na saa na huenda usimwone mpinzani wako kabisa. Joey hakusimama kujaza mafuta. Tangi moja lilimtosha. Akashinda.

Halafu 2000. Honda walimletea pikipiki mpya ya silinda mbili, VTR SP-1, ambayo kabla ya wiki ya mbio ilikuwa haitulii barabarani na walihangaika nayo hadi dakika za mwisho. David Jefferies, aliyekuwa na nusu ya umri wa Joey na miaka michache juu yake, aliharibikiwa njiani. Joey akashinda mbio za Formula One. Akaongeza 250, akaongeza 125. Tatu kwa wiki moja, kama alivyofanya 1985 na 1988. Ile ya nafasi ya tatu, ya dakika 18, ilikuwa mwishoni mwa wiki hiyohiyo.

Mwezi haukuisha vizuri kupita, akaenda Estonia peke yake, kwenye mbio za barabara ya msituni Tallinn. Tarehe 2 Julai 2000 alikuwa ameshashinda za 750 na za 600. Zikaja za 125, lami imelowa. Pikipiki ya 125 ina tairi nyembamba na injini yenye nguvu katika sehemu finyu tu ya mizunguko, kwa hiyo mkono wa mafuta hauna pole. Uko kwenye nguvu au huko. Alikuwa anaongoza aliposhindwa kuishika, akaingia kwenye miti. Watu kama 50,000 walimzika Ballymoney.

Rekodi yake ya 26 ilidumu hadi 2024, na aliyeivunja ni mtoto wa ndugu yake, Michael Dunlop. Ingeweza kuvunjwa siku chache mapema. Michael aliifikia 26, na kwenye mbio za pikipiki kubwa zilizofuata alikuwa anaongoza. Akaingia kujaza mafuta, akabadilishiwa tairi, akatoka. Kioo cha helmeti hakikuwa kimefungika sawasawa. Ikambidi asimame tena kando ya barabara akirekebishe, na Peter Hickman akashinda.